Mama Ghala na Kabati la Pili

Siku Mama Ghala alipoingia kwa mara ya kwanza ofisini kwa msimamizi wake, shikamoo mbili ziligongana hewani. Moja ilitoka kwake yeye mwanafunzi, kwa heshima ya cheo. Nyingine ilitoka kwa Profesa, mwanamke aliyemzidi kila kitu isipokuwa umri, kwani alikuwa mdogo kwake kwa miaka tisa na alilelewa kumwamkia kila aliyemtangulia kuzaliwa. Hakuna aliyeitikia marahaba. Walitazamana, wakaangua kicheko, na Profesa akasema, "Basi dada, humu ndani tutaulizana habari za kazi tu, yaishe."

Yakaisha hivyo. Tangu siku hiyo mmoja aliitwa dada na mwingine Profesa, na kazi ikaanza.

Mama Ghala alikuwa na miaka arobaini na moja. Kumi na sita kati ya hiyo aliimaliza akitunza ghala la nafaka, funguo kiunoni na vumbi la magunia kichwani. Shahada ya kwanza aliipata kwa masomo ya jioni, kwa kuungaunga. Ya uzamili alisoma hivyohivyo, na tasnifu yake ilihusu fukusi wa kunde, yule mdudu mdogo wa kahawia anayetaga juu ya punje, mtoto wake akatoboa na kuingia ndani, kisha akatoka mkubwa akiwa ameacha tundu na unga. Tasnifu hiyo ilimfikia Profesa, sijui kwa njia gani, naye akamwandikia barua ya kumwita kwenye shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha binafsi kilichosifika kwa utafiti. Barua ilisema ufadhili upo, miaka minne.

Aliisoma mara tatu kisha akaikunja. "Hapo si mahali pa mtu kama mimi," alimwambia mumewe.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache ila kila moja lina pini. "Hao wadudu umepigana nao miaka kumi na sita," alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa, "na hawajakupa hata asante. Nenda ukawadai."

Akaenda.

Majengo ya chuo yalikuwa ya vioo, nyasi zimekatwa kama nywele za mwanajeshi, na milango ilifunguka kwa kadi. Wiki ya kwanza kadi yake ilikataa mara nne, naye kila mara alijiona kama mtu aliyekamatwa akiingia kwa watu. Alipewa meza katika chumba cha wanafunzi wanne, chenye birika moja la umeme na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Wenzake wote wangeweza kuwa wadogo zake wa mwisho. Waliongea haraka, walisoma haraka, na katika semina ya kwanza walitumia maneno ambayo yeye aliyaandika pembeni mwa daftari ili akayatafute baadaye. Aliporudi nyumbani alikuwa na maneno thelathini na mawili na maumivu ya kichwa.

Aliyemshika mkono ni kijana mmoja mwembamba, mrefu, aliyeitwa Ngazi na chuo kizima kwa sababu vitabu vya rafu ya juu alivitoa bila kupanda kitu. Ngazi alikuwa mwaka wa pili, akitafiti dawa za mimea. Alivuta kiti, akamwambia, "Mama, hizi takwimu zinatisha kwa sura tu. Kaa hapa." Kila Jumanne, baada ya chakula cha mchana, alimfundisha jinsi kompyuta inavyotofautisha jambo la kweli na jambo la bahati. Mama Ghala naye aliikuta stoo ya mbegu ya maabara ikiwa vurugu tupu, mitungi haina majina, punje za huyu zimeingia kwa yule. Aliipanga kwa siku mbili, lebo kwa lebo, akaweka na daftari la kutoa na kurudisha. Hapo ndipo jina la Mama Ghala lilipozaliwa, na hapo ndipo watu walipoacha kumwuliza kama amepotea njia.

Utafiti wake ulitumia makabati mawili ya joto, marefu kama friji, yenye kioo kidogo mlangoni kinachoonyesha nyuzi za joto. Kabati la kwanza aliliweka nyuzi ishirini na sita, la pili thelathini. Ndani yake alipanga mitungi ya kunde zenye fukusi, akahesabu mayai, walioanguliwa na waliokufa. Alifanya hivyo miaka miwili. Jibu lilikuwa wazi mno: katika kabati la pili, mayai mengi yalikufa. Kwa hiyo, waliandika yeye na Profesa, kunde zikiwekwa mahali penye joto kidogo zaidi, mdudu anashindwa.

Makala ilitoka katika jarida kubwa. Fundi alichapisha ukurasa wa kwanza, akautia fremu, akautundika dukani kwake juu ya cherehani. Wateja wengi walidhani ni cheti chake cha ushonaji, naye hakujisumbua kuwasahihisha.

Mwezi wa nane wa mwaka wa nne, ikiwa imebaki miezi minne akabidhi tasnifu, Mama Ghala aliingia maabara asubuhi moja ya sikukuu. Jengo lilikuwa kimya. Alitaka kupiga picha za makabati kwa ajili ya sura ya tatu. Akafungua milango yote miwili ili mwanga uingie, na kabla hajainua kamera, akafanya jambo alilolifanya maisha yake yote ghalani: akaingiza mkono ndani ya nafaka. Gunia linaloliwa huwa na joto lake, na mtunza ghala hulijua kwa mkono kabla ya kuona mdudu hata mmoja. Mkono wa kulia aliuingiza kwenye mtungi wa kabati la kwanza, wa kushoto kwenye mtungi wa kabati la pili.

Ilikuwa kama anashika mitungi miwili ya kabati moja.

Alitoa mikono, akaipangusa kwenye koti jeupe, akarudia. Kioo cha kabati la pili kilionyesha thelathini, wala hakikupepesa. Akaenda kwenye droo ya vipimo, akachukua kipimajoto cha zebaki, akakilaza ndani, akafunga mlango na kukaa kwenye stuli. Nusu saa. Kipimajoto kilisema ishirini na sita na nusu. Akachukua kingine. Kikasema vilevile. Cha tatu hakutaka kukichukua, lakini alikichukua.

Ubavuni mwa kabati palikuwa na stika ya kijani: limekaguliwa, liko sawa. Chini yake tarehe ya mwaka ule, na sahihi ya Mzee Vipimo, fundi wa maabara, aliyefanya kazi chuoni hapo kabla ya baadhi ya maprofesa kujua kusoma.

Mama Ghala alifunga milango taratibu kama mtu anayemfunika mgonjwa. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyejua. Makabati yale angeweza kuyazima wiki ile ile, kazi yake imekwisha, na mwaka ujao mtu angelipeleka lile la pili kwa fundi likatengenezwa bila mtu kuuliza lilianza lini kudanganya. Profesa alikuwa ameomba kupandishwa cheo mwaka huo huo, na makala ile ilikuwa ya kwanza kwenye orodha yake. Wazo hilo lilikaa kichwani mwa Mama Ghala njia nzima hadi nyumbani, na aliona haya kwamba lilikaa.

Jioni, mumewe aliona sahani haijaguswa. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kabati."

Akamweleza. Alipofika mwisho, cherehani ilikuwa imesimama.

"Sasa wewe," Mama Ghala akamwuliza, "umemshonea mtu koti, limekwisha, limevaliwa na watu wamelisifu. Kisha unagundua futi yako ilikuwa na kasoro. Unafanyaje?"

Fundi alifikiri kweli. "Ningeona aibu sana," alisema. "Siku mbili tatu ningepita njia nyingine nisikutane naye. Halafu ningemwambia alilete." Akaongeza, "Hizo siku mbili tatu ndizo mbaya. Wewe usizipitie. Nenda kesho."

Kesho yake saa tatu asubuhi alibisha mlango wa Profesa. "Naomba nikae kwanza," alisema, akaeleza yote bila kupunguza. Profesa hakumkatiza. Alipomaliza, waliteremka pamoja hadi maabara, Profesa akakunja mkono wa blauzi, akaingiza mkono kwenye mtungi mmoja, kisha mwingine. Akasoma vipimajoto vyote vitatu. Wakapanda ngazi kurudi ofisini.

"Nani mwingine anajua?" Profesa aliuliza.

 Mama Ghala alidhani ameelewa swali lile linaelekea wapi. "Mume wangu tu."

"Sawa. Maana hadi mchana watajua wote." Profesa alishafungua kompyuta. "Namwandikia mhariri aiondoe makala. Barua itatoka kwangu, na jina langu litatangulia. Mimi ndiye msimamizi. Nilipaswa kuuliza makabati yanapimwaje, sikuuliza."

"Na cheo chako, Profesa?"

"Nitaomba mwaka mwingine, dada. Sijaambiwa vyeo vinakwisha."

Alisema kwa mzaha, ila Mama Ghala aliona vidole vyake vikikosea herufi na kufuta, vikikosea tena na kufuta. Miaka mingi baadaye, akisimulia habari hii, hapo ndipo sauti yake ilipobadilika kila mara. Alikuwa amefanya kazi chini ya mabosi wengi ghalani. Hakuwahi kuona mkubwa akilikimbilia kosa namna ile, mbele ya mdogo wake, kana kwamba ni mzigo ambao mtu mwingine asiachiwe aubebe.

Mkutano wa maabara ulikuwa saa nane mchana. Watu kama ishirini. Mama Ghala alisimama, akaeleza kabati lilivyodanganya na makala itakavyoondolewa. Hakutaja stika. Ngazi, ambaye hakuwa na nia mbaya, akauliza, "Lakini si kuna ukaguzi kila mwaka?"

 Kisha nyuma kabisa, karibu na sinki, Mzee Vipimo akasimama.

"Stika niliibandika mimi," alisema. "Ya mwaka huu na ya mwaka jana. Nilisoma kioo cha mlangoni, nikaandika. Kipimajoto sikuingiza. Goti linanisumbua kuinama, lakini hiyo si sababu. Nililipua kazi." Akatazama sakafu, akatoka.

Mama Ghala alimfuata ukumbini. "Mzee wangu."

Mzee akageuka. "Uliiona stika, mwanangu?"

"Niliiona, baba."

"Na hukunitaja."

"Sikuona faida yake."

"Ndiyo maana nimejitaja." Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ungenitaja, pengine ningebisha."

Mzee alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Chuo kilimpa onyo la maandishi. Yeye akaomba kitu kimoja tu, aachiwe makabati yale hadi siku yake ya mwisho. Wiki hiyo hiyo, yeye na Mama Ghala walilifungua kabati la pili kwa nyuma, skrubu kwa skrubu. Kihisi joto kilikuwa kimeungua. Ila walikuta na jambo jingine: beseni dogo la maji, lililowekwa chini ili hewa isikauke, lilikuwa na ufa, na feni ilipuliza hewa kavu kama ya tanuri usiku na mchana.

Mama Ghala aliketi sakafuni. "Mzee, si joto."

"Si joto nini?"

"Lililoua mayai. Joto lilikuwa lilelile kwa makabati yote mawili. Ni ukavu."

Hiyo ilikuwa dhana tu, na yeye sasa alikuwa ameshakula kiapo cha kutoamini dhana. Ilibidi kazi ifanywe upya toka mwanzo: kunde zilizokaushwa kwa viwango sita tofauti, katika joto la aina mbili. Ufadhili wake ulikuwa unaisha. Profesa aliiandikia kamati ya chuo, na jibu lilikuja na sentensi moja ambayo Mama Ghala anaikumbuka kwa moyo: aongezewe miezi minane, kwa kuwa kosa limetangazwa na waliolifanya.

Fundi alishona vifuko mia mbili na arobaini vya kitambaa chepesi, kila kiwango cha ukavu na rangi yake ya uzi, kila kimoja na namba. Alivishona katikati ya kazi za wateja, na bibi mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake aliuliza kama ameanza kuwavisha panya.

Kila kifuko kilikuwa na kunde hamsini. Hizo ni punje elfu kumi na mbili, na kila punje ilipaswa kugeuzwa chini ya lenzi yahesabiwe mayai, madogo kama chembe ya chumvi, siku maalumu, si kabla wala baada. Mtu mmoja asingeweza. Mama Ghala alipiga hesabu hiyo mara nyingi akitumaini itatoka tofauti, na hakumwambia mtu. Kuomba msaada kulimwia vigumu kuliko kukiri kosa.

Ngazi hakusubiri aombwe. Alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba chao: Alhamisi, saa nane, mwenye macho aje. Alhamisi ya kwanza walikuja watu kumi na mmoja. Wengine hata hakuwafahamu. Mmoja alikuwa binti wa idara ya historia, aliyekuja kwa kuwa alikuwa amechoka kukaa peke yake na maandishi yake, naye akauliza bila aibu, "Samahanini, yai ni lipi na uchafu ni upi?" Ndani ya wiki tatu binti huyo akawa mhesabuji bora kuliko wote. Alisema amezoea kusoma barua za zamani zilizofifia wino, na fukusi wana mwandiko mzuri kuliko makarani wengi.

Alhamisi zile zikawa na utani wake. Aliyepata idadi tofauti na mwenzake alipika chai. Waliolemewa na tasnifu zao walilalamika, wakasikilizwa, wakahesabu. Mmoja aliyekuwa amekwisha kuandika barua ya kuacha masomo aliichana hapo hapo mezani, na hakuna aliyemhutubia. Walimsogezea tu mtungi mwingine. Mama Ghala aliyekuwa akijihisi wa kuazimwa miaka yote minne aliinua macho siku moja, akaona vichwa kumi na vinne vimeinama juu ya kunde zake, na akalazimika kwenda kusimama dirishani kidogo.

Mzee Vipimo naye, kila asubuhi saa moja na nusu, aliinama kwa goti lile lile, akasoma vipimajoto vitatu katika kila kabati, akaandika. Hakuruka hata siku moja. Siku ya kustaafu kwake alisoma asubuhi kama kawaida, ndipo akaenda kwenye sherehe yake.

Jibu lilipotoka lilikuwa hivi: joto la nyuzi chache zaidi halimuui fukusi, linamharakisha. Lakini kunde ikikauka kupita kiwango fulani, mayai mengi hufia juu ya ganda. Mama Ghala alisoma mstari wa kwanza, akaurudia. Watu wangefuata makala yake ya awali, wangezipasha moto kunde zao, nao fukusi wangewashukuru.

Profesa alisoma yote, akaegemea kiti. "Miaka mitano, dada, kuja kugundua kwamba kunde zikaushwe."

"Kila mwenye ghala anajua zikaushwe, Profesa. Hakuna aliyekuwa anajua kiasi gani."

Profesa alicheka hadi akashika meza. Kisha akasema, kwa upole, "Hiyo sentensi iweke kwenye utangulizi."

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje, bwana mmoja mkavu aliyekuja na kalamu nne, alifunua moja kwa moja kwenye kurasa za makala iliyoondolewa. "Kwa nini umeweka sura nzima kuhusu kosa lako? Ungeweza kuliruka."

 "Kuna watu walilipa kwa sababu ya kosa hilo," Mama Ghala alisema, "na wengine walinisaidia kulirekebisha. Nikiliruka, nimewaruka wote."

Yule bwana aliandika kitu, akafunga kalamu, akauliza kuhusu ukubwa wa mitungi. Baada ya saa mbili walimwita ndani, wakasimama wote, na Profesa akamwita Daktari kwa mara ya kwanza, kwa sauti iliyokuwa haijiamini vizuri.

Ukurasa wa shukrani ulitoka kurasa nne. Profesa alimshauri aupunguze. Mama Ghala alikaa nao siku nzima akafuta vivumishi vyote, ila hakufuta mtu hata mmoja, wala binti wa historia, wala bibi wa panya.

Nakala ya kwanza yenye jalada gumu aliipeleka mwenyewe nyumbani kwa Mzee Vipimo. Alimkuta uani akitengeneza pasi ya jirani. Mzee alinawa mikono, akakaa, akasoma shukrani tangu mwanzo hadi mwisho, kidole kikifuata mstari. Alipofika penye jina lake kidole kilisimama kidogo, kisha akaendelea hadi mwisho, kwa sababu alitaka kujua na wengine.

"Mmekuwa wengi," alisema.

"Tumekuwa wengi sana, baba."

Mkewe akaleta chai. Wakazungumza habari za goti, za pasi, za wanafunzi wapya ambao Mama Ghala angeanza kuwafundisha Jumatatu. Alipoaga, mzee alimsindikiza hadi barabarani, kitabu bado kikiwa kwapani, na hakukiweka chini hata alipompungia mkono.